Kila Neno na Mahali Pake

  

Wiki kadhaa zilizopita, baada ya darsa ya akina mama ya Jumamosi alasiri, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuvaa viatu. Alikuwa na suala ambalo, kwa maneno yake, halikuwa la fiqhi wala la mirathi, na pengine halikustahili kumsumbua sheikh. Binti yake wa miaka 11 anasoma Kiarabu madrasa, na huu ni mwaka wake wa tatu. Kila wiki hurudi na orodha ya maneno 20, akayahifadhi usiku wa kuamkia Jumamosi, akayasoma mbele ya ustadhi asubuhi yake bila kukwama. Baada ya likizo ya Ramadhani ustadhi aliwauliza maneno waliyoyasoma mwezi wa Rajabu. Binti huyu alikumbuka manne. Tangu siku hiyo akitumwa kufungua daftari la Kiarabu husema, "Mama, mimi sina kichwa."

Hilo peke yake lisingemleta kwetu. Kijana mmoja anayepita majumbani na bidhaa zake alikuwa amemtolea miwani kubwa nyeusi kutoka ndani ya kasha, akamhakikishia kwamba mtoto akiivaa atatembea katika soko la Cairo, atashika matunda, atasikia majina yake, na hatayasahau maisha. Mwisho akamwambia kwamba kwa miwani hiyo mtoto anaweza hata kuwa hafidh kwa muda mfupi. Zamu ya mama huyu katika chama chao ilikuwa mwezi unaofuata. "Sheikh," akatuuliza, "nizitie huko?"

Tulimwomba atupe wiki moja tutafute. Zikawa tatu. Tunayaandika hapa tuliyomjibu kwa sababu tumefahamu baadaye kwamba yeye siye wa pekee aliyepitiwa na kijana yule.

Tuanze na chombo chenyewe, kwani haifai kukitolea kauli kitu tusichokijua. Wenye lugha wameiita miwani ya uhalisia pepe, kwa mfano wa barua pepe: kitu kilichopo na kisichoshikika. Ndani yake kila jicho huonyeshwa picha yake, nazo picha hizo mbili hupishana kidogo kama zinavyopishana picha za macho yetu mawili, na kwa kupishana huko ubongo hupata kuona mbali na karibu. Vipimo vilivyomo hufuata mgeuko wa kichwa. Ukigeuka kulia, unaona kilichoko kulia. Ukiinama, unaona sakafu. Tuliivaa sisi wenyewe kwa muda wa robo saa nyumbani kwa rafiki. Tulisimama kwenye ukingo wa jabali, na ingawa tulijua kwamba tumesimama juu ya mkeka, miguu ilikataa kupiga hatua. Wajukuu wa mwenyeji wetu walicheka sana, na haki yao. Lakini tuliondoka tumejifunza kwamba mwili huamini mahali upesi kuliko akili.

Sasa, je, mahali pa namna hiyo panaweza kusaidia neno likae kichwani? Swali hili limefanyiwa utafiti, na katika kuutafuta tulikutana na jambo lililotushangaza na kutufurahisha pamoja. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo ya jaribio lao la kufunza msamiati katika dunia za kompyuta. Walihitaji lugha mbili ngeni kwa wanafunzi wao, ambao walikuwa wasemaji wa Kiingereza, tena lugha zinazokaribiana kwa sauti hata ziweze kuwachanganya. Walichagua Kinyanja, kinachozungumzwa Malawi na sehemu za Zambia na Msumbiji, na Kiswahili chetu hiki.

Anayejua lugha hizi mbili ataona kwa nini walizichagua. Maji kwa Kinyanja ni madzi, mvua ni mvula, nyoka ni njoka, njaa ni njala. Kwetu huo ni udugu na tunaufurahia. Kwa mgeni anayejifunza zote mbili kwa pamoja ni mtego, maana kila akinyosha mkono kuchukua neno la huku anashika la kule.

Watu 48 walifundishwa maneno 80. Watafiti walikuwa wamejenga dunia mbili zisizofanana hata kidogo: moja bustani ya kindotoni, kama ya hadithi za watoto, ya pili kituo kilichojengwa mwezini. Mwanafunzi hutembea humo, hukifikia kitu, na hufundishwa jina lake. Baadhi yao walisomeshwa lugha zote mbili katika dunia moja. Wengine walipewa kila lugha na dunia yake. Walipoulizwa tena baada ya wiki moja, wale waliotenganishiwa mahali walikuwa wameshika asilimia 92, na wale waliochanganyiwa asilimia 76.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu aliyewahi kukaa na daftari la msamiati. Lakini kuna masharti mawili ambayo kijana wa miwani hakuyataja, na hatudhani kwamba anayajua.

La kwanza, faida hiyo ilionekana kwa wale tu walioihisi dunia ile kuwa ni mahali pa kweli. Aliyeiona kuwa ni picha za mchezo, akapita nazo hivyo hivyo, kutenganishiwa lugha hakukumfaa. La pili ndilo lililotufanya tuisome taarifa ile mara mbili: wanafunzi wale hawakuvishwa miwani. Walikaa mbele ya skrini ya kompyuta, wakaendesha safari zao kwa mikono. Kilichowasaidia ni kwamba kila lugha ilikuwa na kwao, na kwamba wao walikubali kwa moyo kwamba wako huko.

Katika jaribio la pili walitumia mashine ya kupiga picha ya ubongo. Mtu alipokuwa akitafuta neno, alama za ule ubongo wa mahali alipolisomea zilirudi. Na kadiri zilivyorudi vizuri ndivyo alivyolipata neno. Yaani aliyekumbuka neno alikuwa, kwa namna fulani, amerudi bustanini au mwezini kulichukua.

Wazo hili si geni. Mwaka 1975 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Duncan Godden na Alan Baddeley, waliwachukua wapiga mbizi 16 huko Scotland, wakawasomea maneno wakiwa ufuoni na wakiwa chini ya maji. Maneno yaliyosomwa chini ya maji yalikumbukwa vizuri zaidi chini ya maji, na ya ufuoni yalikumbukwa vizuri zaidi ufuoni. Miaka minne baadaye Mmarekani Steven Smith akaonyesha upande ambao kwetu ni wa faraja zaidi. Watu waliohamishiwa chumba kingine, wakaambiwa wakirejeshe kwanza akilini chumba walichojifunzia, walikumbuka karibu sawasawa na wale waliorudishwa humo kwa miguu yao. Kwa hiyo neno halifungwi mahali pake kama mbuzi kwenye kigingi. Mtu akijua njia ya kurudi kwa akili, hulipata popote alipo.

Hata ndani ya ubongo wataalamu wamepaona pahali pa mahali. John O'Keefe wa London alieleza mwaka 1971 kwamba katika sehemu iitwayo hipokampasi mna seli zinazowaka panya anapofika pembe fulani ya chumba, na nyingine kwa pembe nyingine. Mwaka 2014 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway walioiendeleza. Sehemu hiyo hiyo ndiyo mtu akiumia hushindwa kuhifadhi matukio mapya. Ramani na kumbukumbu zimewekwa na Muumba katika nyumba moja, na sisi huenda tuligawanya somo la jiografia na somo la lugha bila kumuuliza Yeye.

Wazee wa Kiyunani walilijua hili kwa mazoea. Cicero wa Roma amesimulia habari za mshairi Simonides, aliyetoka nje ya karamu muda mfupi kabla dari haijawaangukia waalikwa. Maiti hazikutambulika. Simonides akazitaja moja moja kwa kukumbuka nani alikaa wapi. Kutokana na kisa hicho, ndivyo wanavyosema, ikazaliwa desturi ya wanenaji kuyapanga maneno ya hotuba zao katika vyumba vya nyumba wanayoijua, kisha kuyaokota wakipita kwa akili chumba hadi chumba.

Nasi je? Muulize hafidh yeyote aya fulani iko wapi. Atakujibu: ukurasa wa kulia, juu, mstari wa tatu. Ndiyo maana walimu wetu hukataza mwanafunzi kubadilisha mushaf katikati ya kuhifadhi. Msahafu uliochapishwa Madina, ambao wengi wetu tunao nyumbani, una kurasa 604, mistari 15 kwa kila ukurasa, na kila ukurasa unamalizika kwa mwisho wa aya. Mpango huo umewasaidia mahafidh wasio na idadi, kwa kuwa aya haihami. Jicho limeipa nyumba.

Na tukiruhusiwa kulitaja letu: maalimu aliyetufunza chuoni hakutufundisha majina ya viungo vya udhu tukiwa tumekaa juu ya jamvi. Alitutoa, akatupeleka birikani. Tukitia mkono majini, yeye anataja, sisi tunaitikia. *Mirfaq*, kiwiko. *Ka'b*, kifundo cha mguu. Imepita miaka zaidi ya 40, birika lile limevunjwa na pamewekwa mifereji, na bado hatuwezi kulisikia neno *mirfaq* bila kuhisi ubaridi wa maji ya alfajiri ukipanda mkononi. Maneno tuliyoyanakili ubaoni mwaka ule ule yametutoka mengi. Maalimu, Allah amrehemu, hakuwahi kusikia habari za hipokampasi.

Tukarudi basi kwa yule binti, tukamwomba mama atueleze binti yake husomea wapi. Jibu lake lilikuwa jibu la nyumba nyingi. Sebuleni, kwenye kochi moja, kila kitu. Hapo hufanya hesabu, hapo husoma Kiingereza cha shule, Kiswahili cha shule, na usiku wa Jumamosi orodha ya Kiarabu, runinga ikiwa imewashwa kwa sauti ya chini. Lugha tatu juu ya kochi moja.

Watoto wa pwani, tena, wana mtego wao ambao mtoto wa Nairobi au wa London hana. Kiarabu kimo ndani ya Kiswahili chetu kwa wingi. Kitabu ni *kitaab*, kalamu ni *qalam*, samaki ni *samak*. Hapo mtoto hupata mengi bure. Lakini *hasra* ya Kiarabu ni majuto na huzuni ya kilichokosekana, wala si hasira. *Karam* ni ukarimu, wala si karamu. Mtoto anayesikia *hasra* akiwa juu ya kochi lile lile analofokewa na kaka yake kwa Kiswahili, atalielewa kwa hasira ya kaka yake. Hali yake inafanana sana na ya wale Wamarekani waliochanganyiwa Kiswahili na Kinyanja katika dunia moja, wao wakiwa watu wazima na yeye akiwa na miaka 11. Tukamwambia mama amwambie binti kwamba kichwa anacho. Alichokosa ni mahali.

Ushauri wetu ulikuwa huu. Kiarabu kipewe pembe yake nyumbani, ndogo iwavyo, ambayo haisomewi kitu kingine: mkeka wake, upande wake wa ukuta, ikiwezekana harufu yake, kwani udi kidogo wa nyumba zetu haugharimu kitu. Kisha maneno yasihifadhiwe kwa orodha. Yatembezwe.

Nyumba za mawe za Lamu zingefaa mno kwa kazi hii. Unaingia darini mwa daka, unapita kiwandani, unaingia msanani, halafu ndani, na huko ukutani zimejipanga zidaka, safu juu ya safu, kila kidaka na chombo chake. Ukitaka kuweka maneno 60 na kuyakuta kesho, hakuna kompyuta iliyobuni mahali pazuri zaidi. Lakini hata nyumba ya vyumba viwili ya Majengo au Kisauni ina kizingiti, swichi ya taa, kabati, mtungi, dirisha, ndoano ya kanzu ya baba, jiko. Hizo tayari ni saba.

Mama na binti waanze mlangoni, kwa maneno kumi tu. Neno la kwanza liwekwe kizingitini, si kwa kuliandika na kulibandika, bali kwa kulionyesha akilini likitendeka pale. Kwa mfano, *intadhara*, alingoja: amuone shangazi yake amesimama mlangoni na mizigo, hajafunguliwa. *Sa'ida*, alipanda: paka anaparamia kabati. *Jaa'a*, aliona njaa: jikoni, na hilo halihitaji maelezo. Alitamke neno kwa sauti pale pale, mara tatu, kisha apige hatua. Picha ikiwa ya kuchekesha hukaa zaidi. Ila tulimwekea mama mpaka mmoja, nao tunaukariri hapa: maneno ya Qur'ani hayawekwi msalani, na aya tukufu hazichorewi vichekesho. Zoezi hili ni la msamiati wa lugha. Hifadhi ya Kitabu cha Allah ina adabu zake, na ina msahafu wake, na mahali pake pa kukumbuka ni ukurasa.

Siku ya pili asitembee kwa miguu. Akae pembeni mwake, afumbe macho, apite nyumba kwa akili, na kila alipofika aokote neno. Siku ya mtihani vivyo hivyo: kabla ya kushika kalamu arudi kwanza nyumbani kwa akili. Hapo ndipo matokeo ya Smith na ya wale wa California yanapomfaa.

Wala asiache kurudia. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaandika mwaka 1885 jinsi sehemu kubwa ya kilichohifadhiwa inavyotoka katika saa na siku za mwanzo, na kinachobaki baada ya hapo hutoka polepole. Mtume wetu (SAW) alikuwa amekwisha kutuhimiza tuiangalie Qur'ani kwa kuirejea, akiifananisha na ngamia waliofungwa ambao asipowaangalia mwenyewe huchomoka, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Binti wa mama yetu alikuwa anawafunga ngamia 20 usiku mmoja, akiwaonyesha asubuhi, na kuwapa kisogo miezi mitatu. Tulipendekeza arudie siku ya pili, ya nne, baada ya wiki, baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi. Kutembea nyumba kwa akili hakuchukui dakika tano; anaweza kufanya hivyo akiwa ndani ya matatu.

Kuna atakayesema kwamba tumeidharau miwani. Tuitendee haki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 40 walioonyeshwa nyuso za watu mashuhuri zilizopangwa katika jumba la kifalme na katika mji wa kale, vyote vya kompyuta. Waliovaa miwani walikumbuka kwa usahihi zaidi kuliko walipotazama skrini, kwa tofauti ya asilimia 8.8. Miwani ilisaidia. Lakini waliulizwa muda mfupi tu baada ya kutazama, na suala la mama yetu lilikuwa la Rajabu hadi Shawwal.

Kwa muda mrefu tuna ushahidi mwingine, usiohitaji chombo chochote. Mwaka 2017 timu ya Martin Dresler, huko Uholanzi, iliwafunza watu wa kawaida kupanga maneno katika njia wanayoifikiria kichwani, nusu saa kwa siku, kwa siku 40. Kabla ya mafunzo, katika orodha ya maneno 72, walikuwa wakikumbuka chini ya nusu. Baada yake waliongeza takriban maneno 35, na miezi minne baadaye, bila kufanyishwa mazoezi tena, sehemu kubwa ya uwezo huo walikuwa nao bado. Siku 40, nusu saa, macho yamefumbwa. Tulipomsomea mama hesabu hiyo alinyamaza, kisha akasema kwamba chama chao kina wanachama wengi kuliko siku hizo. Hatukuelewa alikusudia nini, lakini alitabasamu.

Hatuioni miwani kuwa haramu. Ni chombo, na hukumu yake hufuata kinachotazamwa ndani yake na kinachopotezwa nje yake. Madrasa yenye uwezo ikinunua mbili tatu, ustadhi akaziangalia mwenyewe kabla ya watoto, watoto wakaingia kwa zamu kwa dakika kumi, wakatoka na kuyasema maneno waliyoyakuta, hiyo ni kheri, hasa kwa mtoto mlemavu asiyeweza kutembea nyumba wala soko. Kuitia nyumbani kwa mtoto mmoja ni jambo jingine. Kampuni ya Meta, inayotengeneza miwani ya Quest, ilikuwa ikiizuia kwa walio chini ya miaka 13, na mwaka 2023 ikashusha hadi miaka 10 kwa ruhusa na usimamizi wa mzazi. Mama mwenye watoto wadogo aliyeambiwa kwamba hata wa miaka 6 atafaidika, amwulize muuzaji amepata wapi. Baadhi ya watu huingiwa na kichefuchefu wakiivaa. Na kubwa kuliko yote kwa mzazi: simu ya mtoto unaweza kuichungulia kwa bega, lakini aliyevaa miwani huoni anachokiona, wala humsikii anayezungumza naye, na katika michezo mingi ya humo wamo wageni wa kila nchi.

Ama ahadi ya kwamba miwani itamfanya mtoto hafidh, hiyo tunaikataa kwa maneno yasiyo na pindo. Hakuna utafiti katika hiyo tuliyoitaja uliopima kitu kinachofanana na hifadhi ya Qur'ani, na mtu anayetumia jina la Kitabu cha Allah kuuzia bidhaa yake kwa mama mwenye uchungu wa mtoto wake anapaswa kumwogopa Mola wake.

Imepokewa na Tirmidhi kwamba Zayd bin Thabit (RA) aliamrishwa na Mtume (SAW) ajifunze maandishi ya Mayahudi, na nusu mwezi haukutimia ila alikuwa ameyajua, akawa ndiye anayeandika na kusoma barua zao. Wazazi hukipenda kisa hiki na huwapigia nacho watoto. Tunawaomba watazame upande wake wa pili: Zayd alikuwa na barua zinazomngoja. Neno alilolijifunza asubuhi lilikuwa na kazi jioni. Binti wa miaka 11 ambaye hakuna mtu nyumbani anayemjibu *sabaah al-khayr* ana kazi gani ya kulipa neno lake?

Hilo tulimwachia mama, na tunakiri kwamba hatukutarajia alivyolipokea. Alirudi darsani baada ya wiki tano. Binti alikuwa na maneno 46 katika nyumba, na alipoulizwa yote bila taarifa alikosa sita. Sita hayo yote yalikuwa karibu na dirisha la nyuma. Mama anadhani ni kwa sababu ya kelele za jirani, nasi tunadhani dirisha moja lilibebeshwa maneno mengi. Ndugu yake mdogo amekatazwa kabisa kuusogeza mtungi, kwa kuwa *sabara* anakaa hapo. Na mama mwenyewe, ambaye chuoni aliishia Juzuu Amma na hakuwahi kufunzwa Kiarabu, akipita mlangoni na mizigo husikia sauti ikimwita kutoka ndani, "*Intadhari*, mama!", naye amekwisha kujua kujibu.

Zile pesa za chama zimenunua mkeka na taa ya kusomea, na zilizobaki amelipia ada ya madrasa ya muhula mzima. Ametuomba orodha ya vitenzi vingine 50 vinavyoweza kuwekwa jikoni. Tumefika cha 31.